Maisha ya Imamu al-Qushayri na Khabari ya Kupanda Mbinguni

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa mbingu na ardhi, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyepandishwa mpaka pahali asipopata kufika kiumbe mwengine, kisha akarudi kwa watu wake usiku ule ule. Na ziwashukie jamaa zake na masahaba wake wote.

Amma baada ya hayo. Kila mwaka ufikapo usiku wa 27 wa mwezi wa Rajabu, misikiti ya pwani hujaa watu wanaosikiliza khabari ya Miraji. Wengi wao waijua khabari hiyo tangu walipokuwa chuoni. Lakini ni wachache wamjuao mwanachuoni aliyeikusanyia kitabu mbali, akayatazama masuala yake magumu: ni Manabii gani wengine waliopandishwa, na je, walii naye aweza kupanda, na mtu akidai kuwa amepanda apimwe kwa mizani gani. Mwanachuoni huyo ni Imamu Abulqasim Abdulkarim bin Hawazin al-Qushayri, wa madhehebu ya Imamu Shafii. Suala la mwisho aliliandikia kwa kalamu, kisha akalijibu kwa maisha yake.

KUZALIWA KWAKE NA UJANA WAKE

Alizaliwa katika mwezi wa Rabiul-Awwal mwaka wa 376 wa Hijra, nao ni mwaka wa 986 wa Miladi, katika wilaya ya Ustuwa karibu na mji wa Nishapur, katika Khurasan. Na pahali hapo leo pamo katika nchi ya Iran. Baba yake alikuwa wa kabila la Kiarabu la Qushayr, na mama yake wa Bani Sulaym, katika Waarabu waliokaa Khurasan baada ya nchi hiyo kufunguliwa na Waislamu. Baba yake alikufa naye yungali mtoto mdogo, akalelewa yatima. Alisomeshwa lugha ya Kiarabu na adabu zake, akajifunza pia kupanda farasi na kutumia silaha, hatta akasifika kwa hayo.

Alipokwenda Nishapur hakwenda kutafuta uwalii wala usheikh. Watu wa kijiji chake walikuwa wamelemewa na kharaji, yaani kodi ya ardhi, naye akaonelea ajifunze hisabu apate kuisimamia kodi hiyo mwenyewe, awakinge watu wake na dhuluma. Hiyo ndiyo nia iliyomtoa kwao, na ni nia njema. Lakini Mwenyezi Mungu alikuwa amemkadiria jambo jengine.

Siku moja alihudhuria darasa ya Sheikh Abu Ali ad-Daqqaq, aliyekuwa bwana mkubwa wa njia ya Masufi katika mji huo. Maneno yake yakamwingia moyoni, akaiwacha hisabu, akataka awe muridi wake. Sheikh akamkubali, wala hakumweka faraghani kukaa na tasbihi. Alimwamuru kwanza akatafute ilimu ya sharia. Akasoma fikihi kwa Abu Bakr at-Tusi, akasoma ilimu ya Tauhidi kwa Ibn Furak, na baada yake kwa Abu Ishaq al-Isfarayini.

Yasimuliwa kuwa al-Isfarayini alimwona yule kijana akisikiliza siku nyingi bila ya kuandika neno, akamkumbusha kuwa ilimu hii haipatikani kwa kusikia tu. Al-Qushayri akamsomea kwa moyo yote aliyoyasikia katika siku zile, neno kwa neno. Sheikh akastaajabu, akampa heshima, akamwambia kuwa mfano wake hahitaji darasa, yamtosha kuvisoma vitabu vyake kisha amwulize yatakayomtatiza.

Sheikh Abu Ali alimwoza binti yake, Bi Fatima. Bibi huyu hakuwa mke wa mwanachuoni tu, bali alikuwa mwanachuoni mwenyewe. Amehifadhi Kurani, na watu wakipokea hadithi kutoka kwake. Aliishi karibu miaka 90 na akafa mwaka wa 480 wa Hijra. Watoto wao sita wa kiume wote walikuwa watu wa ilimu, na aliyejulikana zaidi ni Abu Nasr Abdurrahim.

Sheikh Abu Ali alipofariki mwaka wa 405, al-Qushayri alifuatana na Abu Abdirrahman as-Sulami. Kisha akaenda kuhiji, na katika safari hiyo wenziwe walikuwa Sheikh Abu Muhammad al-Juwayni, baba wa Imamul-Haramayn, na Imamu al-Bayhaqi, mtu wa hadithi. Basi hao watatu, mtu wa fikihi, na mtu wa hadithi, na mtu wa tasawwufi, walikula chakula kimoja njiani wala hapana aliyemwona mwenziwe kuwa yu katika dini nyengine.

RISALA YAKE

Mwaka wa 437 wa Hijra, naye amekwisha pita miaka 60, alianza kuandika kitabu kilichomtangaza katika nchi zote za Kiislamu, nacho ni ar-Risala, akakimaliza mwaka uliofuata. Alikipelekea makundi ya Masufi katika miji ya Waislamu. Sababu ya kukiandika aliitaja mwanzo wake: aliona watu wavaao mavazi ya njia hiyo na hali njia yenyewe imewatoka, wanaidharau Sala, wanaidharau Saumu, kisha wanadai kuwa wamefika kwa Mwenyezi Mungu na kwamba halali na haramu haziwahusu tena.

Akaleta katika kitabu hicho khabari za mashekhe zaidi ya 80 wa zamani, ili watu waone kuwa hapana mmoja wao aliyeifikia daraja yake kwa kuivunja sharia. Kisha akazieleza daraja za njia, moja baada ya moja, na ya kwanza kabisa akaiweka toba. Msomaji na aangalie mpango huo. Neno Miraji maana yake kwa Kiarabu ni ngazi, na ngazi aliyoisimamisha al-Qushayri kipago chake cha chini ni mtu kujuta na kurudisha haki za watu alizozidhulumu. Asiyekanyaga hapo hana pa kukanyagia.

KITABU CHAKE CHA MIRAJI

Katika vitabu vyake kimo Kitabul-Miraj. Alikusanya humo riwaya za usiku ule: jinsi Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyopelekwa Baitul-Muqaddas, kisha akapandishwa mbingu baada ya mbingu, akamkuta Adamu katika ya kwanza, na Yahya na Isa katika ya pili, na Yusuf katika ya tatu, na Idris katika ya nne, na Harun katika ya tano, na Musa katika ya sita, na Ibrahimu katika ya saba, na jinsi Sala zilivyofaradhiwa 50, kisha zikapunguzwa mpaka zikawa 5 zenye thawabu ya 50.

Akalishika lile lishikwalo na wengi katika watu wa Sunna, kuwa Mtume alipanda kwa mwili na roho, naye yu macho. Hoja ya wanachuoni katika jambo hili ni nyepesi kufahamika. Lau Mtume angaliwaeleza Makureshi kuwa ameota, hapana ambaye angalimkadhibisha, kwani kila mtu huota. Walikadhibisha kwa sababu walifahamu kuwa asemalo ni jambo la macho na mwili.

Kisha akawataja Manabii wengine waliopandishwa, kama Idris aliyetajwa katika Sura ya Maryam kuwa aliinuliwa pahali pa juu, na kama Isa. Halafu akaliendea suala la mawalii, akaliwekea mpaka: kupanda kwa mwili na hali mtu yu macho si kwa walii yeyote; hiyo ni heshima ya Manabii. Ama katika usingizi, na katika yale ambayo roho huonyeshwa, jambo hilo lajuzu, nalo limesimuliwa. Aliyeisahau tafauti hii amemweka walii katika kiti cha Nabii.

KHABARI ZA KUPANDA KATIKA UMMA NYENGINE

Si Waislamu peke yao wenye khabari za kupanda mbinguni, na Khurasan na Iraq za zama za al-Qushayri zilikuwa na watu wa dini nyingi. Kuzitaja khabari zao si kuzisadiki, bali ni kuona kuwa suala lile lile liliwashughulisha watu wote: je, ni mwili au ni roho, na aliyepanda alirudi na nini?

Mayahudi wasoma katika Taurati kuwa Henoko alitwaliwa na Mungu, naye ndiye ambaye wengi katika wanachuoni wetu wasema kuwa ni Idris. Kimeandikwa kitabu kirefu kinachoeleza safari zake mbinguni, na kitabu hicho kizima kilihifadhiwa na Wahabeshi katika lugha yao ya kale ya Kigeez. Baadaye wakatokea Mayahudi waliotafuta kuiona enzi kwa kupita majumba saba ya mbinguni, kila mlango una walinzi, na asiyejua la kuwaambia huangamia. Katika Talmudi yao wasimulia wanne walioingia bustani ya siri hizo: mmoja alikufa, mmoja alipotewa na akili, mmoja aliharibika dini yake, na mmoja tu, Rabi Akiva, alitoka salama. Katika zama za ujana wa al-Qushayri, mkuu wa chuo chao kikubwa huko Baghdad, jina lake Hai Gaon, aliyekufa mwaka wa 1038 wa Miladi, aliulizwa juu ya watu hao. Akaeleza kuwa mtu hufunga siku kadha, akaweka kichwa chake baina ya magoti, akasoma nyimbo za sifa kwa sauti ya chini, kisha akaona kama kwamba anapita katika yale majumba. Na kuona huko, kwa rai yake, ni kwa moyo.

Manasara nao wasoma katika waraka wa pili wa Paulo kwa Wakorintho khabari ya mtu aliyenyakuliwa hatta mbingu ya tatu, nao wasema mtu huyo ni Paulo mwenyewe. Hakuweza kujua kama alikuwa katika mwili au nje ya mwili, akasikia maneno asiyoruhusiwa kuyanena, kisha akapewa maumivu katika mwili wake ili asijivune.

Ama Majusi wa Uajemi, wana kitabu cha mtu wao mwema aitwaye Arda Viraf. Watu walikuwa wameingiwa na shaka kama ibada zao zafika, wakamchagua yeye, akanyweshwa vikombe vitatu vya mvinyo uliotiwa dawa, akalala siku saba, mwili uko chini unalindwa na roho imekwenda kuziona pepo na moto. Alipoamka akaita mwandishi, akamsomea aliyoyaona.

Mwenye akili akizitazama khabari hizi ataona jambo moja. Umma hizo hazikuchukua kupanda kuwa ni mchezo. Waliwaogopea wasio tayari, na waliporejea wajumbe wao waliwauliza wamekuja na nini. Na Mtume wetu, aliyepanda kuliko wote, alirudi na amri ya Sala tano, zisaliwe na tajiri na maskini, na mchukuzi wa bandarini na sultani. Hakuacha siri hiyo kwa watu wateule.

ABU YAZID NA MIZANI YA WALII

Katika Masufi, aliyetajika zaidi kwa khabari ya kupanda ni Abu Yazid al-Bistami, aliyekufa katika mwaka wa 261 wa Hijra au karibu yake. Yasimuliwa katika vitabu vyao kuwa aliona katika usingizi kama kwamba anapanda mbingu baada ya mbingu, na katika kila mbingu akionyeshwa ufalme na mapambo yasiyosifika, naye kila mara hugeuza uso wake, kwani amtakaye ni Mwenye mbingu, si mbingu. Wako waliomkataa Abu Yazid kwa khabari kama hizi, na wako wajinga waliotoka nazo na madai makubwa.

Al-Qushayri hakumtupa wala hakuyafungua madai. Katika Risala yake alichagua kumsimulia Abu Yazid kwa mambo mawili. La kwanza ni kuwa alipata khabari ya mtu aliyesifiwa uwalii, akafunga safari kwenda kumwamkia. Alipomwona anatema mate upande wa kibla, akageuka akarudi bila ya kumpa salamu, kwa kuwa asiyeaminika katika adabu moja ya sharia hawezi kuaminika katika siri za Mungu. La pili ni kuwa aliwausia watu wasidanganyike na mtu hatta wakimwona amekaa hewani, mpaka waangalie yukoje katika maamrisho na makatazo. Basi yule yule anayesifiwa kwa kupanda, ndiye aliyewakataza watu wasitazame kupanda.

MTIHANI WAKE

Ni rahisi kwa mtu kuandika habari ya subira naye ameketi katika kivuli. Mwenyezi Mungu alimjaribu al-Qushayri kwa yale aliyoyaandika. Maseljuki walipoitawala Khurasan, waziri wa Sultani Tughril aliyeitwa al-Kunduri aliwachukia wafuasi wa Imamu al-Ashari, akaamrisha walaaniwe juu ya mimbari, na wanachuoni wao wakazuiliwa kusomesha na kuhutubu. Mwaka wa 446 wa Hijra al-Qushayri aliandika barua ndefu ya malalamiko kwa wanachuoni wa nchi nyengine, akieleza waliyofanyiwa watu wa Sunna.

Kisha ikatoka amri akamatwe. Wakati huo alikuwa mzee wa miaka 70. Wahuni wa mji wakamburura kwa matusi yeye na mwenziwe ar-Rais al-Furati, wakatiwa kifungoni katika ngome ya Nishapur. Imamul-Haramayn al-Juwayni akasalimika kwa kukimbilia Hijazi, akakaa Makka na Madina miaka minne. Al-Qushayri alikaa gerezani kwa muda upatao mwezi na zaidi, mpaka Abu Sahl bin al-Muwaffaq, mkuu mmoja wa Mashafii, alipokusanya watu wake akawatoa kwa nguvu.

Hapo ndipo ilipodhihiri ngazi yake. Alikuwa na muridi wengi, na lau angalitaka kudai kuwa ameonyeshwa kutoka mbinguni jambo fulani juu ya waziri yule, wangalikuwako wa kumsadiki, na damu ingalimwagika. Hakudai. Alitoka katika mji wake na uzee wake, akaenda Baghdad mwaka wa 448 wa Hijra, mwaka wa 1056 wa Miladi. Khalifa al-Qaim alimpokea kwa heshima, akamkalisha kusomesha hadithi katika jumba lake. Kisha akarudi Khurasan, akakaa Tus pamoja na jamaa zake, akingoja faraja ya Mwenyezi Mungu.

Sultani Tughril alikufa mwaka wa 455, na ufalme ukamfikia Alp Arslan. Waziri akawa Nizamul-Mulk, mpenda wanachuoni, akaiondoa ile laana na waliofukuzwa wakarudi makwao. Al-Kunduri mwenyewe aliuawa mwaka uliofuata kwa amri ya bwana wake. Al-Qushayri akarudi Nishapur, akaishi huko kiasi cha miaka kumi akisomesha na kuheshimiwa.

KUFA KWAKE

Alifariki asubuhi ya Jumapili, mwezi 16 Rabiul-Akhir mwaka wa 465 wa Hijra, nao ni mwisho wa mwaka wa 1072 wa Miladi, akazikwa katika madrasa kando ya kaburi la sheikh wake Abu Ali ad-Daqqaq. Wenye kuandika maisha yake wasema kuwa katika ugonjwa wake wa mwisho hakuacha kusali kwa kusimama, na umri wake umekaribia miaka 90. Na wamesimulia pia kuwa alikuwa na farasi aliyepewa zawadi na kumpanda miaka 20, na alipokufa bwana wake farasi huyo hakula kitu, akafa baada ya siku chache.

Ilimu yake haikuzikwa naye. Mwanafunzi wake Abu Ali al-Farmadhi alikuwa mmoja katika mashekhe wa Imamu al-Ghazali, na kwa njia hiyo maneno ya al-Qushayri yakaenea. Baada ya karne nne na zaidi Sheikhul-Islam Zakariyya al-Ansari, ambaye kitabu chake cha fikihi chajulikana na wasomaji wa Kishafii wa pwani hii, aliitungia sherehe Risala yake. Ama kitabu chake cha Miraji kilipigwa chapa Cairo mwaka wa 1964.

Wanachuoni waliiita Sala kuwa ni miraji ya muumini. Maneno hayo si hadithi iliyothubutu, lakini maana yake ni njema, na mzee yule aliyekataa kukaa kitako katika Sala yake ya mwisho aliifahamu. Basi mtu akija na madai ya kuwa amepanda mbinguni, au amekutana na Khidhri, au ameinuliwa juu ya faradhi wanazozifanya watu wengine, asipigwe wala asifuatwe. Atazamwe katika Sala ya alfajiri kama yupo, na katika deni lake kama alipa, na katika mali ya yatima kama yu salama nayo, na siku ya kuonewa kama ahifadhi ulimi wake. Akionekana mzima katika hayo, aombewe kheri na siri yake iachiwe Mola wake. Akionekana hayumo, basi hajakanyaga hatta kipago cha kwanza.

Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu al-Qushayri, na Bi Fatima mkewe, na mashekhe wake na wanafunzi wake. Amnufaishe kwa ilimu zao kila mwenye kuusoma waraka huu na kila mwenye kusomewa. Amin.